Sakafu ya Mdogo Wangu

Msimu mzima wa baridi sikuvua viatu nyumbani kwa mdogo wangu. Watu wengine wote wakifika mlangoni pake walikuwa wanavua, wanaweka miguu kwenye ile sakafu nyekundu, halafu wanatoa sauti. Padri alifumba macho: "Oooh. Hapa pana neema." Mwenyekiti wa kijiji naye akavua, na yeye hawezi kufanya jambo bila hotuba: "Ndugu wananchi, maendeleo ya nyumba hii mtu unayasikia kwa nyayo." Mimi naingia na makubazi yangu ya tairi, kwata kwata kwata, mpaka kwenye kiti, nakaa. Mdogo wangu ananitazama miguu. "Dada jamani, si uvue?" Ana sauti laini, ya ualimu, kama anambembeleza mtoto aseme a-e-i-o-u. Namjibu, "Kucha zangu mbaya." Uongo. Kucha zangu ni nzuri hata leo. Sikutaka miguu yangu iipende ile sakafu, basi.

Nilikuwa na wivu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nazunguka. Na wivu wenyewe haukuwa wa sakafu. Ulikuwa wa Mama.

Sisi tumezaliwa mabinti wawili, huku juu upande wa Kitura. Ilipofika habari ya shule, Baba alikaa kwenye kigoda, akakohoa mara tatu kama alivyokuwa anakohoa kabla ya kila amri, akasema kwa ile sauti yake nzito: "Huyu mkubwa ana mikono. Huyu mdogo ana kichwa. Mwenye kichwa aende, mwenye mikono abaki na mama yake." Ikawa imekwisha. Mdogo wangu akapelekwa kwa shangazi kule misheni, akasoma, akawa mwalimu, akastaafu, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko unaotazamana na wangu. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Nililima. Nikaolewa jirani, nikazaa, mume wangu akatangulia, watoto wakatawanyika. Lakini Mama nilibaki naye. Ndivyo nilivyokuwa nimegawa moyoni tangu utotoni: yeye alipewa shule, mimi nilipewa Mama. Na kwa mgawo huo sikuwahi kulalamika, kwa sababu nilijua nani kapata kikubwa.

Mama amezeeka mpaka uzee wenyewe umemchoka. Hana jino hata moja, maneno yake yanatoka yamelowa. Alikuwa analala jikoni kwangu, kitanda chake hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Mwezi wa sita, ukungu ukishashuka kwenye kahawa, mpaka saa nne asubuhi huoni mbuzi wako uliyemfunga mwenyewe, na vidole havifungi kifungo cha gauni. Hapo ndipo Mama ananiita: "Wee binti, ongeza kuni." Naongeza. "Wee binti, moshi." Napunguza. "Wee binti, baridi." Basi siku nzima ni hiyo, moshi na baridi, baridi na moshi, na mimi nacheka, namwigiza mbele yake, naye anacheka mpaka anakohoa. Tulikuwa tunaishi vizuri.

Sasa, mdogo wangu ana mtoto wa kiume, fundi wa majokofu. Huyo nilimbeba mimi mgongoni mama yake akiwa kazini, kwa hiyo namjua tangu alipokuwa hajui kufuta kamasi. Alikwenda kusomea mambo yake huko nje, akarudi, akapata kazi Mbaha kule ziwani, kwenye nyumba ya wageni, na mke akampata huko huko. Mwaka juzi, mvua zikiwa zinaishia, akaja na vibarua na mabomba meusi yamekunjwa kama nyoka, akaanza kuchimba mteremko wa mama yake. Mitaro mirefu, mtu akisimama ndani unaona kofia tu.

Nilivuka bonde na wanawake wenzangu wawili wa jumuiya, twende tukaone. Nikasimama ukingoni nikauliza, "Mnamzika nani, jamani, mbona kaburi refu hivi? Ni padri au ni treni?"

Mpwa wangu akatoka mtaroni. Huyu hawezi kuanza sentensi bila neno lake moja. "Shikamoo Mama mkubwa. Kimsingi, tunatafuta joto la kupasha nyumba ya Mama."

"Marahaba. Mmelidondosha lini?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakukasirika, ana subira kama mama yake. Akanieleza. Akasema, "Kimsingi, Mama mkubwa, ardhi ukishuka kina hiki haijui huku juu kuna nini. Haijui mwezi wa sita wala mwezi wa kumi. Uvuguvugu wake ni ule ule mwaka mzima. Moto hatuchimbi, moto hakuna. Haya mabomba tutayalaza chini, tutayafukia, maji yatakuwa yanazunguka ndani yake. Yanashuka, yanaokota ule uvuguvugu wa udongo, yanarudi nyumbani. Kule nyumbani kuna mashine inaukusanya, inaubana, mpaka unakuwa joto lenyewe. Halafu inalipeleka kwenye mabomba mengine niliyolaza chini ya sakafu."

"Inabana joto? Joto ni pumba?"

"Umewahi kushika pampu ya baiskeli mtu akimaliza kujaza tairi?"

Niliwahi. Pampu ya marehemu mume wangu iliniunguza kidole.

"Basi ndiyo hivyo. Hewa ukiibana inapata moto. Ndani ya mashine kuna gesi, inabanwa vile vile. Njoo." Akanishika mkono, akaniingiza ndani kwa mama yake, akaniambia nipeleke kiganja nyuma ya friji. Pana moto. "Hilo joto unadhani limetoka wapi? Limetoka kwenye maziwa na nyama ya humo ndani. Friji inalitoa ndani inalitupa nje, kwisha. Hii yetu ni friji kubwa tu, Mama mkubwa. Tumbo lake liko kule mteremkoni kwenye udongo, mgongo wake uko hapa chini ya sakafu. Umeme unabeba tu. Mzigo wenyewe unatoka ardhini."

Mke wake alikuwa hapo anapepeta mchele, amevaa masweta mawili na kitenge juu. Watu wa ziwani wakipanda kwetu wanatia huruma. Anaongea kama anaimba, neno la mwisho analivuta mpaka linafika Msumbiji. "Mamaaa, huku kwenu mnaishi ndani ya jokofuuu! Kule kwetu Mbaha tumeigeuza. Joto linatolewa vyumbani linazikwa chini. Wageni kwenye jua lote lile wanalala wamejifunikaaa."

"Kwa hiyo mnazika joto kule, mnalifukua huku?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Mama. Ila lile la kwetu mngelitumia ninyi lingewaunguzaaa."

Nikacheka, ila moyoni sikucheka. Unajua kilichoniuma? Nilikuwa nimeelewa. Yote. Nimechota maji kwenye kisima chetu tangu nikiwa na urefu wa ndoo. Alfajiri ya mwezi wa sita maji yale yanatoa moshi, ukiingiza mikono unataka uiache humo humo. Mwezi wa kumi mchana, maji hayo hayo, kisima hicho hicho, yanauma kwenye fizi. Ndizi tunaivisha shimoni kwa sababu hiyo hiyo. Mimi niliijua ardhi hiyo kwa mikono yangu zaidi ya miaka sitini, na ikaja kuwa mali ya mwenye kichwa. Mtoto wake yeye. Nyumba yake yeye.

Kabla hatujaondoka mpwa wangu alitoka nje kutuonyesha mabomba yanavyopita. Akasema kule juu ya mteremko yamelala chini sana, hayafikiwi na kitu. Akasema na jambo jingine, akinyoosha kidole kwenye kona ya nyumba. Hilo sikulitia maanani. Nilikuwa nimewageukia wenzangu nawaonyesha uso wake anavyosema "kimsingi", namna anavyokunja kipaji cha uso kama mbuzi anayesoma gazeti. Walicheka sana. Nilikumbuka baadaye.

Wakafukia. Wakawasha. Na siku ya kwanza ya ukungu mdogo wangu akavuka bonde kuja kwangu, akapiga magoti mbele ya kitanda cha Mama. "Shikamoo Mama. Njoo kwangu siku mbili tu, uone sakafu."

Mama akanitazama mimi. Mimi nikasema, "Nenda kaone." Ningesema nini?

Zile siku mbili sijui aliyezihesabu alisoma shule gani. Ilipita wiki. Ikapita ya pili. Mama hakohoi tena, maana kule hakuna moshi. Mama anakaa kwenye mkeka, amenyoosha miguu kwenye saruji, mikono nayo ameibandika chini kama mjusi juani. Kila asubuhi nilikuwa nampikia uji wa ulezi kwangu, naufunga kwenye chupa ya chai, navuka bonde nao, wakati kwa mdogo wangu uji upo. Mama anakunywa. Anasema, "Mtamu." Halafu anarudisha mikono chini.

Nilikuwa narudi jikoni kwangu nakuta kitanda. Nakoka moto mkubwa kuliko unaohitajika. Nauigizia moto wenyewe sauti ya Mama: "Wee binti, ongeza kuni." Najijibu. Mtu akipita nje anadhani kuna wageni.

Na kila nikitoka mlangoni naiona ile nyumba ng'ambo, haina moshi hata chembe, inapasha joto kimya kimya kama mwizi. Na kando yake ule mteremko waliouchimba, mwekundu, mtupu, haujapandwa kitu. Nikapata sababu yangu hapo. Kwetu Umatengoni mteremko uliofukuliwa hauachwi uchi. Ni aibu ya mwanamke mwenye nyumba. Wanaume wanafyeka nyasi, wanazipanga chini kwa mistari iliyokatizana, kama nondo za dirishani. Wanawake wanaingia na jembe, kila dirisha tunalichimba katikati, udongo tunaurushia juu ya nyasi, linabaki shimo na kingo zake. Hizo ndizo ngolo. Maji ya mvua yanakaa humo, udongo hauendi mtoni, nyasi zinaozea ndani, maharage yanakubali. Mdogo wangu ngolo hajui kuchimba, mikono yake ni ya chaki. Mimi najua. Nikasema, nitakwenda kumchimbia. Wapite watu waone nani ana kazi hapa, na Mama akitazama dirishani anione mimi.

Tatizo ni kwamba ngolo zinachimbwa mwezi wa tatu, na huo ulikuwa wa sita.

"Dada," mdogo wangu akatoka na shali yake, "ngolo mwezi huu?"

"Ardhi yako si haijui mwezi? Mtoto wako kasema."

Akacheka, akarudi ndani. Mpwa wangu alikuwa amerudi Mbaha. Nikafyeka mwenyewe, nikapanga nyasi mwenyewe, nikachimba siku tatu. Nilianzia juu nikashuka. Udongo ulikuwa laini, umeshavurugwa, jembe linazama mpaka nafurahi. Siku ya tatu asubuhi nikafika kona ya nyumba. Nikainua jembe, nikashusha. Likatoa mlio wa kitu kisicho jiwe wala mzizi.

Maji yakatoka. Nilikuwa peku, yakanipita kwenye vidole. Na yalikuwa kama maji ya kisima chetu alfajiri, ile ile hali. Vidole vilivyokuwa havina habari vikaamka. Nikasimama pale, jembe mkononi, nikakumbuka mpwa wangu anavyonyoosha kidole kwenye kona: hapa, mabomba yanapopanda kuingia ndani, yako juu juu, mtu asipaguse. Lile ndilo jambo nililomgeuzia kisogo.

Kulipiga bomba kulikuwa bahati mbaya. Kwa hilo naapa. Lakini kilichofuata hakikuwa bahati mbaya. Niliangalia dirishani, hakuna mtu. Nikarudishia udongo, nikakanyaga, nikalaza nyasi juu yake, nikatengeneza ukingo mzuri kuliko zote. Nikavuka bonde naimba wimbo wa kanisani. Nilijiambia: sakafu ikipoa, Mama atarudi mwenyewe.

Sakafu ya saruji haipoi haraka, inashikilia joto lake kama mtu mchoyo. Kesho yake mchana ndipo mdogo wangu akanipigia simu. "Dada, mashine imelia, imewasha taa nyekundu, imejizima. Mwanangu anasema ana kazi ya wageni, atafika keshokutwa. Anasema labda maji yamepungua ndani, labda kuna mahali yanavuja. Sijui yatavuja wapi, jamani."

"Pole," nikamwambia. Nikatandika kitanda cha Mama. Nikapasua kuni zile ngumu, za kukaa na moto. Asubuhi yake nikachukua blanketi nikavuka bonde.

"Mama, twende kwenye moto."

Mama alikuwa kwenye mkeka wake, pale pale, miguu chini. "Nasubiri," akasema.

"Unasubiri nini?"

"Sakafu." Akapapasa saruji kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempapasa mgonjwa kujua kama ana homa.

"Sakafu imekufa, Mama. Twende."

"Itarudi."

Mdogo wangu alikuwa amekaa chini mbele yake. Amemfunika vitenge vyote vya sandukuni, na miguu ya Mama ameilaza mapajani mwake, anaisugua. Nilisimama mlangoni na blanketi langu. Sijawahi kuwa na wivu kama wa dakika ile, nakwambia kweli. Sakafu ingekuwa na joto ningesema Mama kafuata joto. Sasa joto halipo na bado yuko kule, na miguu aliyoshika ni ile niliyoiosha mimi, kila jioni, tangu mdogo wangu akiwa bado anafundisha watoto wa watu.

Mdogo wangu akainua uso. Macho yake mekundu, hakuwa amelala. "Dada, njoo ushike huu mwingine. Mikono yangu imechoka."

Nikakaa. Nikaupokea mguu wa kushoto. Ulikuwa kama jiwe la mtoni. Nikasugua. Mama akakohoa, kikohozi kidogo kikavu, siyo kile cha moshi. Na mimi nikajua kwamba hicho kikohozi nimekifukia mimi pale kona na kukiwekea nyasi juu.

Nilitaka kusema, lakini sauti sikuwa nayo. Watu wananijua kwa sauti za wengine, mimi naweza kuwa padri, naweza kuwa jogoo wa jirani. Basi nikaazima ya mpwa wangu. Nikakunja kipaji cha uso. "Kimsingi," nikasema, "tatizo liko pale kona. Kuna mama mkubwa mmoja alipiga jembe."

Mdogo wangu akacheka. "Dada bwana!"

Nikamchukua mwenyekiti. "Ndugu wananchi, maji yalitoka, mama huyo akayafukia, akaweka na nyasi, kazi safi kabisa, tumpigie makofi."

Akacheka tena, mkono mdomoni. Halafu cheko likaisha katikati. Akanitazama. Mikono yake ikasimama juu ya mguu wa Mama.

"Dada."

"Naam."

"Sema kwa sauti yako."

Nikatafuta. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. "Nililikata mimi. Halafu nikafukia, nikaenda zangu."

Hakupiga kelele. Angepiga ningepona haraka. "Kulikata sawa," akasema. "Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka Mama arudi."

"Mama siyo ng'ombe, Dada, kwamba ukikata kamba atarudi zizini kwako."

"Wewe una kila kitu! Una shule, una nyumba, una mtoto anayejua kubana joto! Mimi nilipewa Mama, na huyo naye unamchukua kwa sakafu!"

"Ulipewa?" Sasa sauti ya ualimu ilikuwa imekwisha kabisa, alikuwa anaongea kama tulivyokuwa tunaongea watoto. "Kwa shangazi nilikuwa nalala na gauni la Mama lililochanika, nimelikunja chini ya kichwa, mpaka harufu yake ikaisha. Likizo nikija nawakuta mnacheka vitu ambavyo mimi sivijui. Nimesubiri mpaka nywele zangu zimekuwa nyeupe kupata kitu cha kumfanya aje kwangu mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Kitu kimoja! Nawe ukakipiga jembe."

Sikuwahi kujua habari ya gauni. Nilikuwa nadhani wivu ni wangu peke yangu, kumbe tumekuwa tunalima shamba moja, yeye kwa ng'ambo ile, mimi kwa ng'ambo hii.

"Nyie," Mama akasema.

Tukamgeukia.

"Gombaneni. Lakini sugueni."

Tukasugua. Tukasugua mpaka miguu ilipopata joto.

Mdogo wangu alimpigia mwanawe mbele yangu, akanipa simu niseme mwenyewe. Nikasema. Upande wa pili nikasikia, "Kimsingi, Mama mkubwa..." na hakumalizia. Mkewe nikamsikia nyuma, "Amefanya niniii?" Akaja siku hiyo hiyo, wageni wa Mbaha wakabaki na joto lao. Akaja na mkewe, na mkewe akaja na ndoo ya usipa, dagaa wakavu wa kwao ziwani, na maneno mengi, wao Wanyasa wakipata cha kututania wanaishi nacho mwaka mzima.

Nilimfukulia mwenyewe pale kona. Akakata kipande kilichoumia, akapasha ncha za bomba kwenye kibati cha moto mpaka zikalainika, akazigandamiza pamoja, akahesabu kimya huku amezishika. Zikaungana kama hazijawahi kuachana. Akajaza maji, akatoa hewa, maji yakakoroma ndani ya bomba kama tumbo la mtoto. Taa nyekundu ikazimika.

Halafu akatembea mteremkoni kutazama ngolo zangu. Mimi nikamfuata nyuma nasubiri kusemwa. Akainama, akachukua udongo kwenye shimo moja, akaubana kiganjani.

"Umeshika unyevu," akasema.

"Ngolo kazi yake ndiyo hiyo."

"Kimsingi, Mama mkubwa, mimi nilikuwa naogopa kiangazi. Udongo ukikauka unabana, hautoi joto lake vizuri. Udongo mbichi ndiyo unaotoa. Haya mashimo yako yataninyweshea ardhi yote." Akanitazama. "Malizia kule chini. Isipokuwa..."

"Kona," nikasema. "Nimesikia."

Akapanga mawe meupe pale kona. Mkewe akapita, akasema, "Mawe ya niniii? Mama anapajua kuliko bombaaa."

Mama alibaki kule mpaka baridi ilipokwisha. Mimi nilivuka na uji wangu kila asubuhi, na viatu bado nilikuwa sivui. Nilikuwa nimesamehewa, lakini kusamehewa na kukaa raha ni vitu viwili.

Nikawa nahesabu siku. Mwezi wa tisa jua likaanza kuuma, nikasema, sasa ni zamu yangu, Mama hana haja na joto la mtu. Nikatandika kitanda, safari hii nje ya jiko, barazani. Mpwa wangu akaja kutoka Mbaha. Nikamkuta kwenye mashine, anageuza kitu.

"Unazima?"

"Hapana, Mama mkubwa. Nageuza. Joto la ndani sasa litakwenda kuzikwa mteremkoni. Nyumba itakuwa baridi kama ya wageni. Na lile litakalozikwa litausaidia udongo, baridi ikirudi."

Nilihisi jembe mkononi, na jembe sikuwa nalo. Kumbe kitu kile kilikuwa kinanipokonya Mama pande zote mbili! Baridi kinamvuta, jua kinamvuta. Nikarudi kwangu sikuaga. Siku nne sikupeleka uji. Nilikaa barazani, natazama ile nyumba ng'ambo, naisema kwa sauti za watu wote ninaowajua.

Siku ya tano mchana naona kitu kinashuka bondeni. Kitenge cha mdogo wangu, na mbele yake fimbo. Walichukua muda mrefu kupanda upande wangu. Mama alifika anahema, akakaa kwenye kitanda cha barazani kama mtu aliyetoka hapo jana.

"Sakafu imeharibika?" nikauliza.

"Nzima," mdogo wangu akasema. Alikuwa amenuna. "Baridi nzuri kabisa. Amekataa."

Mama akavuta pumzi. "Ubaridi wa udongo," akasema, maneno yamelowa kama kawaida yake, "nitaulalia muda mrefu nikishazikwa. Niuanze leo wa nini?" Akanitazama. "Wee binti. Uji."

Nikaenda kukoroga. Jikoni nilicheka peke yangu mpaka mwiko ukaanguka. Nilipotoka mdogo wangu alikuwa bado amesimama pale, mkono kiunoni, anakitazama kitanda changu cha barazani kwa jicho ninalolijua vizuri sana, maana ni langu mimi.

Mvua zikaja, zikaisha. Asubuhi ya kwanza ya ukungu sikungoja mtu aje kupiga magoti. Nilifunga vitu vya Mama kwenye mfuko, nikafunga na mfuko wa pili, tukavuka bonde mimi na yeye, ngolo zimejaa maharage pande zote za njia. Mdogo wangu akafungua mlango. Akaupokea wa Mama, akautazama wa pili.

"Huu wa nani?"

Niliinama mlangoni nikavua makubazi, moja, halafu jingine. Nikaweka miguu chini. Sauti ilinitoka, sikuweza kuizuia, na haikuwa ya padri wala ya mwenyekiti.

Mama alikuwa ameshakaa mkekani. "Sogea huko," akasema. "Umekanyaga pangu."